Karakana ya gereji wakati wa baridi: ziba nyufa kwanza, hita baadaye

Ndugu, umeuliza kama ununue, kwa ajili ya karakana yako ya useremala iliyo ndani ya gereji, hita ya gesi ya propani, ile isiyo na bomba la kutolea moshi nje, kwa kuwa ni bei nafuu na inapasha haraka. Naomba usubiri kidogo.

Useremala nilijifunzia Keko, Dar es Salaam, ambako tulikuwa tukilikimbia joto. Sasa niko Minnesota, na Januari huku kufika nyuzi 20 chini ya sifuri ni kawaida. Msimu wangu wa kwanza nilinunua hita kama hiyo unayoitaka, na kupasha ilipasha kweli. Lakini propani ikiungua hutoa mvuke: kilo moja ya gesi inakuachia zaidi ya lita moja na nusu ya maji hewani, nayo yanatua kwenye kila chuma kilichopoa. Asubuhi moja nilikuta meza ya msumeno imeota kutu nyekundu, na alama ya kiganja changu imejichora katikati.

Kutu hupigwa msasa ikatoka. Kilichonitisha ni kichwa kuniuma kila jioni. Shemeji yangu aliposikia akaniuliza, "Kwetu tunakatazana kulala na jiko la mkaa ndani, wewe humo umefunga milango unafanya nini?" Kaboni monoksidi, gesi ya sumu inayotokana na moto unaowaka bila hewa ya kutosha, haina harufu wala rangi. Hita ile niliitoa siku hiyohiyo, na king'ora cha gesi hiyo nikakifunga ukutani. Wewe kifunge hata kama hutawasha moto wowote, maana gari pia linaingia humo.

Baada ya hapo nikashughulikia nyufa. Niliwasha kijiti cha udi, nikakipitisha taratibu pembeni mwa mlango mkubwa wa gereji. Penye ufa moshi ulilala ghafla kama umevutwa. Kila mahali pa namna hiyo nikaweka alama ya chaki, kisha nikaziba kwa mpira wa milango. Halafu dari, kwa sababu joto hupanda: nilitandaza sufu ya kioo (nyuzi laini za kioo za kuzuia joto lisitoroke) juu yake kabla ya kugusa ukuta. Kazi hiyo ilinisaidia kuliko hita yoyote niliyowahi kununua.

Sasa natumia umeme. Hita ndogo ya wati 1,500 kwenye volti 120 inakula ampea 12.5, kwa hiyo ukiwasha msumeno kwenye laini hiyohiyo, breka inakatika. Kwa gereji ya magari mawili tafuta ya volti 240, na fundi umeme mwenye leseni akuvutie laini yake peke yake. Vumbi la mbao lipanguse kila siku, na ukipaka vanishi ya mafuta, hita izimwe kabisa.

Na gundi, ndugu yangu. Gundi nyingi nyeupe za mbao zinataka nyuzi 10 au zaidi, na joto hilo liwe kwenye mbao yenyewe, hewa peke yake haitoshi. Niliwahi kuunga kiti hewa ikiwa ya vuguvugu huku mbao zimetoka kulala kwenye baridi. Wiki moja baadaye mguu ukachomoka mkononi mwangu, na ndani ya tundu gundi imekuwa unga mweupe kama chaki. Siku hizi mbao za kuunga kesho zinalala sebuleni, na chupa ya gundi inakaa kabatini jikoni, jirani na sukari.