Lithiamu zaidi haitakusaidia

Swali: Shikamoo mwalimu. Nasomea uzamili hapa Mombasa, juu ya elektroliti yabisi za betri, yaani vitu vigumu vinavyopitisha ioni (atomi zenye chaji) ndani ya betri. Kidonge changu cha unga uliochomwa wa ganeti ya lithiamu (fuwele ya oksidi), Li₇La₃Zr₂O₁₂, kinapitisha ioni kwa 10⁻⁶ S/cm (kipimo cha upitishaji) tu, ilhali wenzangu wanataja 10⁻³. Nikiongeza lithiamu, upitishaji si utapanda? (Msomaji, Changamwe)

Jibu: Marahaba. La, hautapanda. Ioni unazo tele. Zinachokosa ni pa kusogea. Katika ganeti isiyochanganywa na kitu, kila lithiamu imeshika mahali pake na fuwele imeminywa upande mmoja. Ni feri ya Likoni jioni: abiria pomoni, hapiti mtu.

Dawa ni kuitia fuwele dosari kwa makusudi. Badilisha sehemu ya zirkoniamu kwa tantalamu. Zirkoniamu ina chaji +4, tantalamu +5, kwa hiyo kila tantalamu inayoingia hulazimisha lithiamu moja itoke, iache pengo. Ukifika Li₆.₄La₃Zr₁.₄Ta₀.₆O₁₂, fuwele hubaki ya umbo la mchemraba, bila kuminywa, hata ikipoa, na upitishaji hukaribia hiyo 10⁻³ unayoitafuta. Usipitilize lakini, maana wabebaji wenyewe, yaani ioni za lithiamu, watapungua. Aluminiamu nayo hufaa: ioni moja ya +3 hukaa badala ya lithiamu tatu. Tatizo ni kwamba inakaa palepale lithiamu inapopita, ndiyo maana mimi napendelea tantalamu, ghali ilivyo. Na ukichomea kwenye chungu cha alumina (oksidi ya aluminiamu), aluminiamu huingia bila hodi.

Ile lithiamu ya ziada, kama 10%, inayotajwa kwenye maelekezo mengi ni fidia ya inayoruka tanurini kwenye 1100–1200°C. Itie, na ukifukie kidonge katika unga wa aina yake kabla ya kuchoma.

Tena nashuku hewa yetu ya pwani. Oksidi ya lanthanamu, mojawapo ya malighafi zako, hunyonya unyevu. Ukiipima ilivyo, sehemu ya uzito ni maji na hesabu yote inapinda. Ichome kwanza kwenye 900°C, uipime mara ikipoa. Kidonge kilichoiva nacho, kikiachwa mezani, huota ngozi ya kaboneti ya lithiamu isiyopitisha kitu. Kisugue kwa msasa mkavu, usitie maji, kisha upime upitishaji siku hiyohiyo.