Wilaya zikihama mkoa, databezi yako itahimili?

SWALI: Shikamoo kaka. Niko Mbeya, natengeneza mfumo wa kuandikisha wakulima. Maeneo yote nimeyaweka kwenye tebo moja inaitwa maeneo, kila mstari una id, jina na mzazi_id, yaani kijiji kinaonyesha kata yake, kata inaonyesha wilaya, hivyo hivyo mpaka mkoa. Sasa bosi akitaka idadi ya wakulima wa mkoa mzima, ukurasa unazunguka weee mpaka unakata. Jamaa mmoja kaniambia mzazi_id ni mambo ya kizamani, niitoe niweke namba za kushoto na kulia. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usitoe kitu. Tebo yako iko sawa kabisa, kinachokuchelewesha ni namna unavyoiuliza. Nina uhakika programu yako inachukua mkoa, inauliza wilaya zake, halafu kwa kila wilaya inarudi kuuliza kata, kwa kila kata inarudi tena kuuliza vijiji, halafu kila kijiji inahesabu wakulima. Chukulia wilaya 5, kila moja kata 20, kila kata vijiji 4, hapo umeshaenda kwenye databezi mara 506 kwa ripoti moja! Nenda mara moja tu:

WITH RECURSIVE chini AS (
  SELECT id FROM maeneo WHERE id = 12
  UNION
  SELECT m.id FROM maeneo m
  JOIN chini c ON m.mzazi_id = c.id
)
SELECT COUNT(*) FROM wakulima w
JOIN chini c ON w.eneo_id = c.id;

Hiyo 12 ni id ya mkoa wako. Databezi inaanza na mkoa, inawachukua watoto wake, halafu watoto wa watoto, inashuka hadi hakuna tena. Nimeweka UNION bila ALL makusudi, maana siku mtu akikosea akaifanya wilaya iwe mtoto wa kata yake mwenyewe, UNION ALL itazunguka humo bila kutoka, ila hii ikikuta id imeshapita inaiacha. Na weka indeksi, yaani orodha ya kutafutia haraka, kwenye mzazi_id. Kwenye databezi ya MySQL ukiweka foreni kii (sharti kwamba mzazi_id lazima iwe id iliyopo kweli) kwenye InnoDB, injini yake ya kuhifadhi data, inakutengenezea indeksi yenyewe, ila databezi ya PostgreSQL haifanyi hivyo, na wengi wanakwama hapo.

Huyo jamaa yako hajakudanganya, kapata ushauri wa enzi nyingine. WITH RECURSIVE, hiyo amri ya kujirudia hapo juu, iliingia kwenye kanuni za SQL, lugha ya kuuliza databezi, mwaka 1999, PostgreSQL ikaipata 2009, lakini MySQL ilikuja kuipata toleo la 8.0 mwaka 2018, kwa hiyo miaka yote ile watu wa MySQL walikuwa wanahangaika na ndio maana mbinu ya kushoto na kulia, ambayo Joe Celko, mwandishi wa vitabu vya SQL, aliieneza sana, imejaa kila kona. Kuisoma ni rahisi kweli, kila eneo lina namba mbili na chochote kilicho katikati yake ni mtoto au mjukuu. Shida ni kuongeza. Ukiingiza kijiji kimoja inabidi usogeze namba za kila kilichoko kulia kwake.

Na maeneo yetu yanabadilika. Wewe uko Mbeya, unaikumbuka 2016 Songwe ilipokuwa mkoa, Mbozi, Ileje, Momba na Wilaya ya Songwe zikatoka Mbeya. Kwa tebo yako hiyo kazi ni kuingiza mkoa mpya mstari mmoja, halafu kubadilisha mzazi_id kwenye mistari 4, basi. Kata na vijiji havijaguswa, vinaifuata wilaya yao. Ungekuwa na zile namba ungepanga upya sehemu kubwa ya tebo. Hata ungekuwa unaandika njia nzima kwenye kila mstari, mfano 12/31/204, ungeandika upya njia ya kila kata na kila kijiji cha wilaya zote nne. Njia hizo nazipenda kwa mti uliotulia, yaani wazazi na watoto wasiohamahama, na PostgreSQL ina aina ya data inayoitwa ltree kwa ajili hiyo, ila sio hapa.

Kuna kitu hujauliza lakini kitakuuma. Ukibadilisha mzazi wa Mbozi leo, ripoti ya Mbeya ya 2014 ukiitoa tena inapungua, maana mfumo unadhani Mbozi haijawahi kuwa Mbeya, na mkulima aliyehesabiwa kule mwaka ule anahamia mkoa ambao haukuwepo. Kwa hiyo uhusiano wa mtoto na mzazi utengenezee tebo yake, weka eneo_id, mzazi_id, tangu na mpaka. Wilaya ikihama unafunga mstari wa zamani kwa tarehe, unafungua mpya. Kwenye ile SQL niliyokuandikia juu, maeneo m inakuwa tebo hii, id inakuwa eneo_id, na unaongeza sharti la tarehe ya ripoti.

Mwisho, angalia foreni kii zako. Kuna ofisi nilifanya kazi zamani, mtu alifuta wilaya moja iliyoandikwa mara mbili, akafuta ile yenye watoto, na kwa sababu waliweka ON DELETE CASCADE, yaani mzazi akifutwa na watoto wafutwe, kata zikaenda, vijiji vikaenda, na watu walioandikishwa humo wakaenda nao. Tulishinda siku mbili tunarudisha kutoka kwenye bakapu. Weka RESTRICT, inayokataa kufuta kitu chenye watoto, kwenye maeneo na kwenye wakulima pia, leo hii kabla hujagusa ripoti.