Marekani bila gari: jibu kwa mnaouliza kuhusu Buffalo

Ndugu zetu wa Uvira, Bujumbura na Nyarugusu, swali lenu ni lilelile: Marekani mtu anaishi bila gari? Na zile nyumba kuukuu za Buffalo, mji wa jimbo la New York, zinanunulika?

Gari linategemea mtaa. Viungani, hata chumvi utaifuata barabara kuu. Upande wa magharibi wa Buffalo ulijengwa kabla magari hayajaenea: nyumba za mbao zimekaribiana, duka liko kona, na Grant Street ina maduka ya wahamiaji na basi linapita. Mji ulikuwa na watu 580,000 mwaka 1950, wakabaki 261,000 mwaka 2010, nyumba nyingi zikabomolewa. Sensa ya 2020 ilionyesha ongezeko la kwanza katika miaka 70, na wakimbizi wamechangia sana. Mwaka 2017 mji ulifuta sharti la kila jengo kuwa na maegesho. Duka la zamani lililobanwa na majirani halikuwa na pa kuweka magari. Sasa linaweza kufunguliwa chini, wapangaji wakakaa juu.

Kununua kunawezekana. Tafuteni nyumba ya familia mbili, mmoja chini mmoja juu. Mkopo wenye dhamana ya FHA, idara ya serikali ya Marekani inayodhamini mikopo ya nyumba, unataka malipo ya awali ya asilimia 3.5: kwa nyumba ya dola 150,000 ni dola 5,250, bado wakili, bima na kodi ya serikali. Lazima muishi humo walau mwaka mmoja. Pango analolipa mpangaji husaidia rejesho la mkopo, ila msiitegemee yote.

Hatari kubwa ni risasi (ile metali yenye sumu, si ya bunduki) iliyo kwenye rangi ya kabla ya 1978. Dirisha la kupandisha na kushusha husaga rangi ikawa vumbi, mtoto anatambaa, analamba vidole. Msikwangue rangi ikiwa kavu. Futeni vumbi kwa kitambaa chenye maji, na mtoto apimwe damu akiwa na mwaka 1 na tena akiwa na 2. Ulizeni pia kama bomba la maji linaloingia ndani ni la risasi. Mkaguzi aangalie nyaya za umeme: za kizamani sana, kampuni nyingi za bima huzikataa.

Baridi nayo. Kuta nyingi ni tupu ndani, hazina kitu cha kuzuia baridi, na gesi ya kupasha joto inakula pesa. Mkisafiri, msishushe joto la nyumba chini ya nyuzi 13 za Selsiasi, mabomba yatapasuka. Theluji ya njia ya miguu huondolewa na mwenye nyumba, na wengi hawaiondoi. Hapo mama mwenye kigari cha mtoto hulazimika kutembea barabarani pamoja na magari.