"Imepungua mara nne" haiwezekani

Swali: Mwalimu, naandika ripoti ya maabara kwa Kiswahili. Nimepima udhihirikaji wa jeni, yaani jinsi inavyofanya kazi kwa wingi au kwa uchache, kwa PCR ya wakati halisi, mashine inayonakili DNA mzunguko baada ya mzunguko huku ikiipima. Katika seli zilizotiwa dawa, jeni moja imepanda, nyingine imeshuka. Niandike "imeongezeka mara nne" au "imeongezeka kwa mara nne"? Na ile nyingine, "imepungua mara nne"?

Jibu: Hiyo "kwa" iondoe, haina kazi hapo. Ugonjwa uko kwenye "mara" yenyewe, na nimechoka kukutana nao kwenye ripoti, magazetini, hata kwenye vitabu vya kiada.

"Mara" tuliipokea kutoka Kiarabu ikiwa na maana ya tukio au zamu, na maana hiyo haijatutoka. Mashine ikizimika mara nne, imezimika, ikawashwa, ikazimika tena. Sasa mtu anachukua sampuli baada ya saa 6, 12, 24 na 48, kisha anaandika "imeongezeka mara nne". Msomaji ana haki kabisa ya kuelewa kwamba kila ilipopimwa ilikutwa imepanda.

Haya, tuseme ameelewa kuwa ni kiasi. Kiasi gani? Chukua mfano huu. Jeni rejea, ile ya kulinganishia isiyobadilishwa na dawa, imevuka kizingiti, yaani kiwango ambapo mashine huanza kuiona, kwenye mzunguko wa 18 katika sampuli zote mbili. Jeni yako imevuka kwenye mzunguko wa 26 katika seli zisizo na dawa, na wa 24 katika zenye dawa. Imetangulia kwa mizunguko 2, na kila mzunguko, mambo yakienda sawa, nakala za DNA huwa maradufu. Mbili mara mbili, nne. Palipokuwa na 100 sasa pana 400, kwa hiyo nyongeza ni 300! Anayesoma "imeongezeka mara nne" kwa makini atajumlisha 400 juu ya 100 apate 500, nawe huna pa kumlaumu. Andika "imefikia mara nne ya kiwango cha seli zisizo na dawa".

"Imepungua mara nne" ndiyo inayonipandisha hasira. 100 ikipungua kwa 100 imekwisha. Hizo tatu nyingine zitatolewa wapi? Mtungi uliomwagwa wote haumwagiki tena. Ulichopima ni 100 iliyobaki 25, na hiyo ina jina: robo. "Imeshuka hadi robo." Tena Kiswahili kimejaliwa hapa, maana jeni ikichelewa mzunguko mmoja imebaki nusu, miwili robo, mitatu thumuni. Hesabu yote ya mashine hiyo imo katika maneno tuliyonayo tangu zamani, nasi tunayaacha tukikimbilia "mara nane"! Ukipenda asilimia, robo ni kupungua kwa asilimia 75, na hapo "kwa" yako inapata kazi.

Jambo jingine dogo: jeni haikupanda. Kilichopanda ni RNA yake, nakala inayotolewa jeni inapofanya kazi, ile uliyoigeuza kuwa DNA kabla ya kupima. Wala usiandike "kiwango kimeshuka kutoka 26 hadi 24", kwani namba ya mzunguko ikishuka RNA imezidi.

Mkiwa mbele ya mashine, semeni "imepanda mara nne". Najua hamtaacha, na mnaelewana. "Imepungua mara nne" siiruhusu hata kwa mdomo.