Dawati la Connecticut: Toa Droo Kwanza, Bei Baadaye

Madawati ya kifuniko cha mteremko (kinachoshushwa kiwe meza ya kuandikia) yaliyochongwa bonde la mto Connecticut, Marekani, mwishoni mwa karne ya 18 mara nyingi ni ya mcheri kwa nje na msonobari mweupe kwa ndani. Jina linalopandisha bei huko ni la Eliphalet Chapin, seremala aliyefanya kazi Philadelphia kabla ya kurudi East Windsor mwaka 1771. Lakini mafundi wengi hawakutia saini, na "la mtindo wa Chapin" si "la Chapin". Muuzaji asiye na hati, mlipe bei ya dawati tu.

Toa droo moja kabisa, uipindue. Ubao ukiwa wa asili, ukipitisha vidole chini yake utahisi mawimbi madogo ya randa ya mkono. Alama za upinde za msumeno wa duara ni za karne ya 19, kwa hiyo ubao huo umebadilishwa. Kisha angalia matundu ya vishikio. Yakizidi kwa ndani kuliko kwa nje, uso wa droo umebandikwa ubao mpya. Matundu ya zamani yaliyozibwa pande zote mbili hayatishi. Vishikio vya shaba vilibadilishwa kila mitindo ilipogeuka.

Kifuniko ndicho kinachoumia zaidi. Mbao zake hunywea kwa upana, ilhali vipande vya ncha (vibao vyembamba vinavyofunga ncha za kushoto na kulia), ambavyo nyuzi zake zimekatiza, havinywei kwa urefu. Ndiyo maana katika kifuniko cha kale ncha hizo hutokeza milimita chache. Mtu akizigundisha kote, ubao utapasuka katikati.

Bawaba nazo hung'oka kwa sababu moja: kifuniko kimeshushwa kabla ya kuvuta mihimili miwili ya pembeni inayokibeba. Uzito wote huangukia skrubu fupi zilizoshika mbao nyembamba. Usiweke skrubu ndefu, zitatokea upande wa pili. Chonga kiraka cha mcheri cha kuziba palipong'oka, nyuzi za mbao zielekee kule kule, kibandike kwa gundi ya ngozi iliyopashwa moto isiyofika nyuzijoto 65 za Selsiasi, ubane usiku kucha, ndipo urudishe skrubu zilezile za zamani. Gundi hiyo hulegea kwa maji ya uvuguvugu, fundi wa kesho ataweza kuifungua. Epoksi haimpi nafasi hiyo.

Msasa usiguse uso wa nje kabisa. Nta nyembamba, kitambaa laini, mara moja kwa mwaka.