Barua kwa mwanangu: kineno "get" kisikusumbue

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema mkuu wako kazini amekuandikia "Please get this contract signed", ukabaki unajiuliza kama utie sahihi wewe au umtafute mwingine. Halafu ukaongeza swali kubwa zaidi: kwa nini get, kineno cha Kiingereza cha herufi tatu, kinajaza safu nzima za kamusi, na mtu afanyeje asipotee humo. Mwishoni ukauliza uandike got au gotten.

La mkataba ni jepesi. Huambiwi usaini wewe. Unaambiwa uhakikishe umesainiwa. Get ikifuatwa na kitu, kisha umbo la tatu la kitenzi kama signed, done au cut, maana yake ni kulishughulikia jambo mpaka kitu hicho kiwe kimetendwa. Anayetenda mara nyingi ni mtu mwingine, na sentensi wala haijishughulishi kumtaja. "I cut my hair" ni kujinyoa. "I got my hair cut" ni kunyolewa, tena kwa kutaka mwenyewe. Kwa hiyo peleka mkataba kwa wahusika, ufuatilie, uurudishe ukiwa na sahihi zao.

Sasa la kamusi. Usijaribu kukariri ile orodha, mwanangu. Get ikisimama peke yake haina uzito wowote. Inachobeba ni habari tu kwamba kuna kuhama, kutoka hali moja kwenda nyingine. Kinachohama ni nini, neno linalofuata ndilo litakalokuambia. Ikifuatwa na nomino, kitu kimemfikia mtu: "get a letter" ni kupokea, "get a job" ni kupata, "get me a chair" ni kuniletea. Ikifuatwa na mahali, ni kufika: "get to the office". Lakini kumbuka kwamba home, here na there hazitaki to katikati. Sema "get home", basi.

Penye ugumu wa kweli kwetu sisi tuliolelewa na Kiswahili ni pale inapofuatwa na kivumishi. Get tired, get old, get angry, get wet. Sisi mabadiliko hayo tumeyaficha ndani ya kitenzi kimoja: kuchoka, kuzeeka, kukasirika, kulowa. Hatuna haja ya neno la kusaidia. Matokeo yake mtu akihamia Kiingereza anatumia "I am tired" kwa kila kitu. Angalia vizuri: nimechoka ni "I am tired", hali imeshafika. Naanza kuchoka ni "I am getting tired", hali iko njiani. Huchoka upesi ni "I get tired quickly". Ile -me- yetu inaonyesha ulipofikia, na Kiingereza huko hutumia be. Safari ya kufika hapo ndiyo kazi ya get. Nilipokuwa nafundisha, mwanafunzi akilikamata hili, nusu ya matatizo yake ya get yalikuwa yamekwisha.

Hapohapo kuna get ya kutendwa, kama "he got paid" na "she got promoted". Utauliza, si ningeweza kusema "he was paid"? Ungeweza. Ila sikiliza "The window was broken". Dirisha lilikuwa limevunjika tangu zamani, au lilivunjwa wakati huo? Sentensi haiamui. "The window got broken" inaamua: kuna tukio lilitokea. Pia get hupenda mambo yanayompata mtu, mabaya au mazuri, ndiyo maana utasikia zaidi "got robbed" na "got chosen". Hailingani na habari tulivu kama nyumba kujengwa mwaka fulani. Hapo tumia was.

Na usije ukaandika "get married with". Ile "na" yetu ya "ameolewa na" ndiyo inayotuponza. Kiingereza husema "she got married to him", au "she married him" bila kihusishi chochote, na hakijali kuoa wala kuolewa; wote wawili ni marry. Ugomvi wa nani kaoa na nani kaolewa wametuachia sisi.

Kuna get nyingine inayofanana na ile ya mkataba, ila inamtaja mtendaji: "Get him to sign it". Hapa to ni ya lazima. Linganisha na "Make him sign it", isiyo na to. Make ina kulazimisha ndani yake. Get ina kubembeleza, kushawishi, kuhangaika mpaka mtu akubali. Mkuu wako akisema get, usiende kwa mteja na sauti ya make.

Angalia pia jozi hii, maana inapotosha hata waliobobea: "I got to see the director" ni kwamba nilipata nafasi ya kumwona. "I've got to see the director" ni kwamba lazima nimwone. Kuna have iliyojificha pale, na katika mazungumzo ya haraka humezwa kabisa, likabaki gotta. Ukiona gotta, soma lazima. Usiliandike kwenye barua ya kazi.

Usafiri nao una utaratibu wake. Gari dogo na teksi ni get in, kushuka ni get out of. Basi, treni na ndege ni get on, kushuka ni get off. Baiskeli na pikipiki pia. Kwa kukadiria tu, chombo unachoweza kusimama na kutembea ndani yake, au unachokipanda kwa kukitanulia miguu, kinataka on.

Misemo kama get over, get by na get away with haifasiriki kwa kuvunja maneno, jifunze kila mmoja unapokutana nao. Mmoja utauona kila siku: "I'll get back to you". Anayesema hivyo harudi popote, atakujibu baadaye.

Watu watakuambia get si neno la maandishi rasmi. Wana haki kiasi. Kwenye ripoti, received na became hupendeza zaidi. Lakini usiifukuze kila mahali kwa hofu. "Obtain" katika ujumbe mfupi kwa mwenzako huonekana kama umevaa suti kwenda kuoga.

Swali lako la mwisho, la got na gotten. Uingereza husema "I have got better", Marekani "I have gotten better". Gotten si kosa wala si lugha ya vijana. Ni umbo la zamani la Kiingereza ambalo Waingereza wameliacha, ingawa bado wanalo ndani ya forgotten. Mmarekani naye hutofautisha: "I've got a car" ni kwamba analo, "I've gotten a car" ni kwamba amelipata. Kwa kuwa ofisi yenu huandika kwa mtindo wa Uingereza, wewe shika got.

Mama yako