Kukopa ili kupunguza matumizi ya umeme

Swali: Ndugu mhariri, nina nyumba ya kupangisha hapa Katuba, Lubumbashi, yenye balbu kumi za zamani na mabati yasiyo na dari. Je, nikope benki ili niirekebishe?

Jibu: Mama, kwa balbu usiende benki. Balbu ya zamani ya wati 60 hubadilishwa na ya LED ya wati 9 hivi yenye mwanga uleule. Zote kumi zikiwaka kwa muda wa saa tano kila jioni, zitaokoa takribani kilowati-saa 2.5 kwa siku, na bei ya balbu hizo yaweza kulipwa kwa zamu yako ya likelemba, yaani mchango wa kupokezana, isiyo na riba.

Dari ni faraja kubwa katika joto la Oktoba, lakini pasipo kiyoyozi haitapunguza bili, hivyo deni lake halitajilipa.

Jambo linalonisumbua zaidi ni hili: ikiwa wapangaji ndio wanaolipa umeme, akiba yote itakuwa yao huku deni likibaki kwako, basi kubalianeni kwanza kuhusu kodi ya nyumba. Tena, usikope kwa dola ikiwa kodi unaipokea kwa faranga.